Tanbihi za Historia ya Gawanga

Umeniuliza, wewe wa darasa la sita mwenye kiatu kimoja wazi,
Gawanga iko wapi kwenye ramani ya kweli.
Nitakujibu ovyo ovyo,
maana ndivyo ilivyojengwa.

Kitabu changu kinaanza hivi:

*Gawanga baba wa moshi, mwana wa shimo la kale,
Akakusanya majeshi, nchi iwe ya milele.*

Shimo ni Menengai.
Moshi, mvuke wa ardhini,
na siku nyingine wachoma mkaa tu.
Mfalme hakuwepo.
Kulikuwa na gunia Kaptembwo, mlangoni kwa kina Ogalo,
mama yake alilitundika kuzuia mvua.
UNGA WA NGANO, kiwanda kiliandika;
panya wakala mwanzo, jua likala mwisho,
pakabaki GA WA NGA.
Tulikuwa na miaka tisa.
Tulipiga magoti.

Joka linalonguruma alfajiri, ukurasa wa kumi na mbili,
ni king'ora cha kiwanda cha pareto.
Malkia ambaye mbu humkimbia ni mama yangu,
akirudi zamu ya usiku na vumbi la maua kwenye nyusi.
Mweka Hazina asiyesahau deni
ni Kwamboka wa ndizi, na daftari lake la kamba.
(Bado namdai radhi. Yeye bado ananidai shilingi kumi na tano.)

Mwaka wa 412 joka likafa.
Wasomaji husema nililiua mapema mno.
Sikuliua. Mishahara ilikoma, king'ora kikafuata,
mama akaanza kuumwa na mbu kama watu wengine.

Jeshi la waridi lisilotua: heroe wa ziwani.
Hilo ulilijua.

Sasa Vita vya Mwezi Mmoja.
Hapo sikubuni sana.
Uwanja wa maonyesho, tulikozoea kwenda
kuona madume yaliyovishwa utepe,
tulilala sisi, kwenye mazizi yao, Januari nzima.
Nje wakapiga hema nyeupe,
na juu ya kila hema, kwa buluu,
nikaziona herufi mbili zilizoliwa na panya:
UN.
Nilicheka. Mama akanizaba kofi,
kisha akanishika kichwa, akakishika muda mrefu.

Ogalo alipandishwa lori la kuelekea magharibi.
Usiku wa kuamkia safari
alikuja kwenye ua akipita nyuma ya vyoo,
tukaikata ramani kwa wembe wa baba yake.
Yeye akachukua machweo. Mimi nikabaki na shimo.
Ndiyo maana kitabuni, baada ya Mto Kisigino,
hakuna kitu. Mhariri aliniomba nijaze.
Nikaandika: *Magharibi haijulikani.*
Akadhani ni mbinu.

Mwaka jana nilipata picha kwenye simu, kutoka Kondele.
Ana karakana ya kutengeneza mizani;
amenenepa, mkono mmoja una kovu nisilolijua.
Na nusu yake ipo, imebanwa ukutani chini ya kalenda.
Ameiendeleza! Ana bandari, ana mashamba ya mpunga,
ana malkia wa pili anayepima uongo kwa ratili.
Kwenye ukingo wa mashariki, pale nilipo mimi,
penseli imeshindiliwa mpaka karatasi ikatoboka:
MOTO. USIENDE.

Nilikaa na picha hiyo jikoni, maziwa yakafurika.

Nikamwandikia: Gunia lilienda wapi?
Akajibu baada ya siku nne:
Mama alilifungia vyombo. Lilifika Ahero.
Limeoza zamani.
Kisha, usiku sana: *Lakini ile herufi ya mwisho,
NO, ilikuwepo upande wa ndani, imefifia.
Niliiona siku ile ya lori. Sikukwambia.*

Basi mwanangu, usiitafute Gawanga kwenye atlasi.
Ilikuwa unga.
Ilikuwa ngano, zote mbili, ile ya kusaga
na ile ya kusimulia mpaka mtu alale.
Jumamosi napanda gari la Kisumu
na nusu yangu kwenye bahasha.
Sijui kama kingo bado zitaoana.
Wembe ulikuwa butu.