Mshale wa Kajificheni

Kazi yangu ilikuwa kutungika mishale hewani.
Natembea, simu mbele ya uso,
kila pembe nasimama, nabonyeza,
na mshale wa buluu unabaki pale,
haushikiki, haubishi hodi.

Sokomuhogo nimeimaliza kabla ya adhuhuri.
Hurumzi, Kiponda: sawa.
Kajificheni simu ikatapatapa.
Kuta zimekaribiana mno, setilaiti haichungulii;
ikaniweka baharini,
kisha juu ya paa la msikiti.

"Wampiga picha nani?"
Bi Salhina, nusu mlango, unga wa mchele viganjani.
Nikamwonyesha: mshale umeelea juu ya kizingiti chake,
waelekeza uchochoroni, njia ya mkato ya Darajani.
Akautazama kwenye kioo.
Akapitisha mkono hewani, hakugusa kitu,
akaukung'uta unga hata hivyo.

"Huu uchochoro," akasema,
"twapita wenyewe kwa wenyewe, vichwa wazi,
kuombana chumvi.
Ndo wataka kutujazia ulimwengu?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na chaji asilimia kumi na moja.

Nikausogeza hatua saba,
ukakunja kulia pasipo na pembe.

Mpaka leo wageni wakifika pale huzunguka,
simu mbele, jasho likiwachuruzika,
walizunguke duka la Mansuri la vipuri vya cherehani
bila kujua wanakwepa nini.

Msimamizi aliniuliza: hapa mbona panapinda?
Nikamwambia, soma jina la mtaa.