Kahawa ya Meza ya Nne

Miaka ishirini na miwili Eladio Berrutti
aliahidi kuleta kahawa, asiilete.
Alhamisi saa mbili usiku, Montevideo nzima
ilimtazama akipita na sinia, koti jeupe, kola imemkaba shingo:
"Inakuja, bwana, inakuja."
Mteja wa meza ya nne akazeeka pale pale,
akaota mvi, akastaafu, akafa kwelikweli,
tukamtafuta mteja mwingine.

Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Sinia tupu la Eladio lililisha studio nzima,
pamoja na mimi, mshika ubao.
Ubao wangu ulikuwa na neno moja: CHEKENI.
Nikiuinua, watu mia na ishirini kwenye mabenchi hucheka.
Zamu zake sikuuinua. Nilikula mshahara wa bure,
isipokuwa usiku mmoja; nitaufikia.

Alizaliwa mtaa wa Cerro, ambako upepo
ulinuka damu ya kiwanda cha nyama,
mguu wa kushoto mfupi kwa upana wa kidole.
Wenzake walimwita Kiti Kibovu.
Akajipaka chaki usoni, akapanda jukwaa la kanivali,
akachechemea kwa makusudi kabla hawajamuwahi,
na mguu ule ukamlipia kodi ya nyumba maisha yake yote.

Wake watatu. Wa pili, Zulma, alimwacha redioni,
matangazo ya mchana, kati ya bei ya ngano na hali ya hewa.
Alinunua farasi wa mashindano, jina lake Askofu,
aliyeshika mkia mara kumi na nne;
alipokufa alimlilia kuliko alivyomlilia kaka yake.
Gari alilichezea karata, akaliwa.
Akamwendesha mshindi hadi kwake, maana jamaa hakujua kuendesha,
akamkabidhi funguo, akarudi kwa miguu,
mvua ikimtwanga, yeye akipiga mluzi.

Kisha wakaja wenye mabuti.
Afisa wa kukagua maneno aliketi safu ya tatu na penseli nyekundu.
Mteja alitakiwa kuuliza, "Sukari iko wapi?"
Madukani sukari ilikuwa imeadimika. Penseli ikapita.
Walipofika mstari ule, Eladio hakusema kitu.
Alifunua kibakuli, akachungulia ndani.
Akakipindua. Akakitikisa karibu na sikio.
Sekunde kumi na moja; nilizihesabu.
Watu walicheka hadi mama mmoja akaanguka benchini,
na afisa akapekua karatasi zake, akapekua, akapekua:
kimya hakina herufi ya kukata.

Alipotea wiki tatu. Alirudi bila meno mawili ya mbele.
"Inakuja, bwana," akasema, na neno likavuja upepo.
Mia na ishirini wakanyamaza. Walijua.
Akanitazama mimi, si kamera.
Miaka yote ile hakuwahi kunitazama.
Nikainua ubao.
Wakatii.

Mpaka leo sijui kama macho yale yaliniambia inua
au yaliniambia usithubutu.

Mwezi uliopita nilimtembelea. Ana miaka themanini na sita,
sikio moja limefunga duka. Vijana hawamjui,
ila vikongwe bado humpigia kelele kutoka dirisha la basi:
"Weita! Kahawa yangu!"
naye husimama katikati ya barabara, akainama, magari yakipiga honi.
Alinikalisha mezani, akasema kahawa atapika mwenyewe,
akachechemea kwenda jikoni.
Nilisikia kabati. Kijiko. Kisha hakuna.
Swali langu la miaka arobaini na tano lilikuwa mdomoni, limeiva.
"Inakuja," akasema kutoka kule.
Nikavua kofia, nikaiweka juu ya goti,
nikangoja.