Diski ya Nne

Saa tano usiku taa ya diski ya nne iligeuka rangi ya chungwa,
na Lamara akanipigia simu: "Nugzar, kuna jicho linanikodolea huku."

Nikaja na koti juu ya nguo za kulalia,
theluji ya Kutaisi imenijaa viatuni,
diski mpya nimeikumbatia kifuani kama kifaranga.

Kwanza nilihesabu trei. Nikahesabu tena,
kutoka kushoto, kisha kutoka kulia,
maana nimewahi kumwona mtu, jina simtaji,
aking'oa aliye mzima, akamwacha maiti kitandani.
Ikatoka ingali na joto,
kama mkate uliosahauliwa ubavuni mwa tanuri.

Nikachomeka mpya. Asilimia sifuri.

"Sasa hii itajuaje," akauliza,
"yale yaliyokuwa kwa marehemu?"
Nilikuwa na hesabu, sikuwa na maneno.
Nikamwambia: chukua wimbo wa mavuno, ule wa sauti tatu,
umnyamazishe wa kati.
Akafikiri, huku akimenya chenza.
Kisha akaimba, si ya juu, si ya chini,
ile ya kati, peke yake,
akiipitisha katika nafasi alizoachiwa na wenzake.

"Basi ndivyo," nikasema. "Ila akose mmoja tu.
Wakikosa wawili, tumekwisha."
"Na nakala rudufu?"
"Bajeti ya mwakani."
Akanipa nusu ya chenza.

Asilimia kumi na tisa.
Diski hizi nane zilinunuliwa siku moja, sanduku moja,
mapacha wa kiwanda kimoja,
na mapacha, wajua, huugua msimu mmoja.
Usiku huu kila moja inasomwa yote, ukingo hadi kitovu,
kazi ambayo kwa miaka sita hakuna aliyewahi kuzituma.
Nilimkataza Lamara asiwashe hata birika.

Saa kumi na moja alfajiri, asilimia sabini na moja,
diski ya pili ikakohoa.
Mara moja.
Tukashikana mikono kama watoto waliovunja chungu.
Ikaendelea.

Kulipokucha, taa zote kijani,
na kwenye orodha mstari mmoja mwekundu:
kipande kimoja hakikusomeka.
Faili la kutoka milimani Svaneti, mwaka sitini na saba.

Tukalicheza. Wimbo mzima, sauti zote tatu,
hakuna tone lililomwagika.
Pengo lipo mwanzoni, sekunde nne, kabla hawajaanza.
"Afadhali," nikasema, nikitafuta koti langu.
"Si kitu. Ni ukimya tu pale."

Lamara hakunijibu.
Alivuta droo, akaitoa kadi ya faili lile,
imekuwa manjano, ina kutu ya pini pembeni,
akailamba ncha ya penseli
akaandika:

Hapa Despine aliomba maji.