Jicho Lililopinda

Barke, nywele ziliniaga baada ya dawa ya pili.
Hukulia. Ulinishika kichwa, ukakipima kwa shubiri,
ukasema, "Kidogo hivi? Nami nilidhani una akili!"

Kesho yake ukaja na kitambaa cheupe na sindano.
Uani kwetu Langoni wakacheka wote:
kofia ya kushona, ya mwanamume, avae Mwanakheri?
Tangu lini akawa shekhe?

Sasa kila nivukapo Mokowe kwenda Mombasa kudungwa
kofia husalia kwenu, hupita nyumba hadi nyumba:
Zulfa hutoboa, Shufaa huzungushia uzi,
nawe usiku wanitumia sauti, nami nimekumbatia beseni:
"Leo macho kumi na manne.
La mwisho limepinda. Ni Shufaa, alikuwa katika umbea."

Nililisikiliza jicho hilo
mara tatu, mara nne,
hadi chupa ya dripu ikakauka.

Daktari ahesabu chembe za damu.
Mimi nahesabu macho.
Sijui ni nani kati yetu aliye karibu na jibu.

Juzi nimerudi, mkaniwekea kofia magotini.
Vidole vina ganzi, uzi siuhisi.
Nikatoboa moja tu, nikajidunga,
tone jekundu likaingia kwenye weupe.
Ukanyanyuka kutafuta sabuni.

Keti, Barke. Liache hapo.
Siku kofia itakapokwisha, mtu akiuliza
nani alishona wapi,
Shufaa ana jicho lake lililopinda,
na mimi nina langu.