Ufunguo wa Chumba cha Nyuma ya Kinu

Mkutano mkuu, Jumamosi, Webuye.
Daftari lina majina arobaini na matatu.
Viti vina watu tisa,
na mmoja wa hao tisa amekuja kuulizia bei ya chaja.

Chumba chetu kimeegemea kinu cha posho.
Kinu kikinguruma, meza hutetemeka,
na unga hupenya ukutani, hujui umepita wapi,
ukalala ndani ya feni za kompyuta.
Kila mwezi Lusweti hufungua visanduku,
hupuliza, hupiga chafya,
husugua meno ya kadi za kumbukumbu kwa kifutio cha shule
mpaka mashine iliyokwisha kutangazwa maiti
ilie pi! mara moja tu,
kama kifaranga aliyetoboa yai.

Miaka kumi na mmoja amekuwa mwenyekiti.
Yaani amekuwa mwenye viti:
ndiye huvipanga, ndiye huvipandanisha,
ndiye huvifuata kwa Mama Namalwa
aliyeviazima kwa matanga ya shemejiye
akasahau njia ya kuvirudisha.

Leo ameweka ufunguo mezani.
Umefungwa kwa waya wa kipanya kilichokufa.
"Macho yangu hayaoni tena skrubu ndogo," amesema.
"Nani ataushika?"

Hapo ndipo utajua binadamu ana viatu.
Sote tuliviinamia,
tukavisoma kama barua ya mahakama.
Makokha, ambaye hushinda kila bishano
la mfumo upi ni bora kuliko upi,
alikumbuka ana ng'ombe.
Khaemba alisema kazi yake haina saa.
Mimi sikusema kitu. Nilikuwa na mandazi mdomoni,
na mandazi, ukiyatafuna polepole,
ni udhuru wa kutosha.

Kidole kimoja hakivunji chawa, husemwa.
Kweli. Ila kompyuta huwashwa kwa kidole kimoja,
na hapo ndipo tulipoharibika:
tulimbonyeza Lusweti, akawaka.
Tulileta mashine zilizopofuka, akazitibu.
Tulileta watoto, wakajua kuchapa kwa vidole kumi.
Ada ya mwaka jana
tuliahidi kuilipa mwaka kesho.

Mvua ya saa tisa ikaangukia mabati.
Umeme ukakatika, kinu kikanyamaza,
nami nikakisikia, mara ya kwanza kwa miaka sita,
chumba chenyewe:
feni zikipunguza mwendo, zikisimama moja moja,
tone likidondokea sufuria
ambayo mtu fulani
huitega pale kila msimu.

Gizani mtu akainuka.
Nelima, bintiye Sikuku, miaka kumi na mitatu,
ambaye hayumo daftarini kwa sababu watoto hatuwaandiki.
Akavuta karatasi la nailoni chini ya meza
bila kupapasa.
"Ya tatu kwanza," akasema, "hiyo ndiyo huvujiwa.
Mjomba, shika upande huo."

Mjomba ni mimi.
Nilimeza mandazi. Nilishika upande huo.
Meza ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani,
na chini yake palikuwa na ufagio
ambao sikuwahi kujiuliza ni wa nani.

Umeme uliporudi, ufunguo ulikuwa pale pale,
na Lusweti anatutazama, hasemi.
Nelima ndiye aliyeuliza, kama anayeuliza saa:
"Kwani upo mmoja tu?"

Aibu iliyoje.
Sisi watu wa kunakili kila kitu,
picha, michezo, mitihani ya zamani,
programu hadi na virusi vyake,
hatukuwahi kunakili ufunguo.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi sokoni.
Alichonga sita, shilingi sitini kila mmoja;
wa Makokha nimemlipia, bado namdai.
Siku tumegawana, ingawa Alhamisi haina mwenyewe.
Lusweti huja akiwa na hamu, huketi,
kiti kimoja tu, cha kukalia.

Wangu hukwama kidogo.
Ni lazima uinue mlango kwa bega
huku ukizungusha taratibu,
na unga ukikumwagikia shingoni.
Najifunza.