Silinda ya Tatu

Meshaki, usilizime. Liache likohoe hivyohivyo,
nataka kulisikia linapougulia.
Tangu mvua ya kwanza iguse Pandambili
Masei la baba linatetema kama mbuzi aliyenyeshewa,
moshi mweupe, kisha mweusi, kisha halina uamuzi,
na kila likipanda tuta linameza sauti yake.

Nimeshamwaga maji ya chujio: kikombe kizima,
na kutu chini yake kama ugoro.
Nimetoa hewa kwenye pampu, nati kwa nati,
mpaka dizeli ikaja bila povu, ikanilowesha viwiko.
Likawaka.
Likakohoa palepale.

Jirani Chilongani amesimama nje ya ua wa miiba,
jembe begani, ushauri mdomoni:
"Damari, chuma chakavu siku hizi kina bei.
Kibaigwa wanapima kilo, hawaulizi jina la marehemu."
Simjibu. Ana ekari tatu za alizeti
na ni trekta hilihili alilokuja kuliombea zamu jana usiku.

Baba ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Sikio la kulia aliliacha kwenye kelele hizi zamani,
la kushoto linachagua la kusikia.
Basi ameweka kiganja juu ya madigadi,
amefumba macho, anasoma.
"Moja, mbili, pengo," anasema. "Moja, mbili, pengo.
Kuna mmoja humo anakula tu, halimi."

Spana za milimita zinamteleza mzee huyu;
nachukua ile ya inchi, iliyopinda.
Nalegeza nati ya bomba la kwanza:
trekta linayumba, nusura lizimike. Huyu yupo kazini.
Naikaza. Ya pili: linayumba tena, linalalamika.
Ya tatu nailegeza, dizeli inaruka, inachuruzika,
na sauti haibadiliki hata chembe.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo:
umwondoe mtu, na nyumba isijue ameondoka.
Nilikuwa na mjomba wa namna hiyo.
Tuendelee.

"Zima." Kimya kinaingia shambani na kunguru wake.

Nozeli inatoka kwa shida, imevaa masizi mpaka shingoni.
Ncha yake nzima. Lakini chini, kwenye kikalio chake,
kuna kitu kimeng'ang'ania. Nakichokonoa kwa msumari:
pete nyekundu ya shaba, imeliwa upande mmoja,
pale moto ulipokuwa unatorokea kila mpigo.
Naifuta kwa upindo wa kanga.
Pete ina mkia.
Mkia wa samaki.

"Baba, hii nini?"
Anafungua jicho moja.
"Senti tano. Mwaka ule wa sukari ya foleni
washa hazikupatikana Dodoma nzima, wala Morogoro.
Nikaitoboa, nikaisaga kwa tupa usiku kucha.
Nilisema itatufikisha mavuno."

Samaki wa senti tano, katika nchi hii
ambayo mito yake ni mchanga miezi tisa,
amekaa ndani ya moto miaka arobaini.
Maduka yakaacha kumpokea, watoto wakaacha kumwokota,
yeye akabaki kuziba.

Meshaki anakwenda Kibaigwa kwa baiskeli,
anarudi na washa moja mpya
na chenji iliyopungua kiasi cha soda.
Naifuta kiti chake, naikalisha, nakaza huku kidogo,
kule kidogo, bila hasira; hasira hupindisha chuma.

Washa.

Linakataa. Linafikiri. Linatema wingu moja jeusi
usoni kwa Chilongani, na hapo hapo
moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu,
mpaka maji ndani ya ndoo ya kuku yanacheza viduara.

Baba hajaondoa kiganja.
Namwekea sarafu kwenye kile kingine, anaipapasa,
anaitafuta sehemu palipokuwa na kichwa.
Wingu limejaa upande wa Kiteto. Napanda kitini,
nashusha plau, na ndipo anapopaza sauti
kama anayesema habari ndogo tu:

"Ya pili nayo, mwanangu, niliiweka mwaka uleule."