Kabla Mnunuzi Hajafika

Saa kumi na moja, Mudhaibi,
joto limeamka, halikumngoja mwadhini.
Nageuza ufunguo wa Hailaksi ya sabini na tisa: ta.
Mara moja tu, kama mtu aliyeudhika akafyonza.
Kisha kimya.

Anza na kilicho karibu, Baba alikuwa akisema,
usimshuku wa mbali ilhali mwizi yumo ndani.
Nikawasha taa: nyekundunyekundu, zinasinzia.
Nikapiga honi: ikalia kama mbuzi mgonjwa.
Nikafunua boneti. Kwenye kichwa cha betri
chumvi ya kijani imeota.
Nikamimina maji ya moto ya birika la chai,
nikasugua kwa mswaki wa zamani wa Hilali,
nikakaza nati, nikaufuata waya wa athi
mpaka unapoumana na bodi, nikakwangua kutu.

Sasa stata inazunguka. Inazunguka vizuri,
nye-nye-nye-nye, lakini injini haishiki.
"Choki hiyo," anasema Hilali kutoka dirishani,
yeye ambaye gari lake huwaka kwa kitufe.
Si choki. Harufu ya petroli naipata
mpaka kooni. Kinachokosekana ni moto.

Nikachomoa waya mnene wa koili,
nikaushika kwa kitambaa kikavu, kimekunjwa mara nne,
nikausogeza kwenye chuma, umbali wa punje ya mpunga.
"Piga!"
Hilali akapiga. Hakuna kitu.
Hata ile cheche ya njano, dhaifu, ya kuombaomba.

Baba alinifundisha haya mwaka niliofeli hesabu.
Kila kipande alikitaja kwa Kiswahili;
Kiarabu alikiweka kwa serikali na kwa misiba.
Nilikuwa na miaka kumi na mbili, kucha nyeusi kwa grisi.
Bi Zuweina akamuuliza mama: huyu nani atamuoa?
(Mwalimu wa kemia. Hajui kubadilisha hata tairi.)

Kifuniko cha distributa kina vibanio viwili.
Ndani, platini zimeungua: moja ina kishimo,
mwenzake kichuguu, meno ya mla tambuu.
Nikazisugua kwa tupa ya kucha, nikapuliza,
nikaizungusha injini kwa spana
mpaka mgongo wa kamu ukazitanua.
Sasa zataka nafasi yao, nafasi ya haki,
na kipimo cha chuma sikioni.
Kimekwenda na miwani, na redio ndogo,
na vitu vyote ambavyo nyumba humeza msiba ukiisha.

Kipimo kikikosekana, Baba alitumia kadi yoyote ngumu.
Nikapekua deshibodi: risiti za Sinaw,
kipande cha ubani, baisa hamsini,
na kadi ya miadi, Hospitali ya Ibra,
Jumatatu, saa tatu na nusu.
Jumatatu hiyo hatukumpeleka.
Kadi ikaingia baina ya platini mbili,
ikateleza, ikagusa huku na huku bila kulazimishwa.
Nikakaza skrubu.

"Piga."
Ikakohoa. Ikakohoa tena, ikatema moshi
uliomrusha paka juu ya ukuta. Ikashika.

Mnunuzi alifika saa mbili, Muhanna wa Bidiya,
kijana mwenye ngamia watatu na simu mbili.
Akaisikiliza injini, kichwa kainamisha,
akasema inatetemeka, akapunguza riyali ishirini.
Nikakubali. Nikamweleza kwa Kiarabu:
ikigoma usiichokoze mpaka betri ife,
hesabu hadi kumi, iache ipumue,
halafu fungua kifuniko utazame zile, zile...
Nikakwama. Neno nililijua kwa ulimi wa Baba tu.
"Platini," nikasema, nikiona haya.
"Aa, blatini!" akasema, kana kwamba ni lake.

Nikabaki mlangoni. Kadi imo mfukoni,
ina mstari mweusi juu ya saa tatu na nusu.
Kwenye kona ya msikiti injini ikazimika.
Hakuipiga stata. Alikuwa ametulia, mkono dirishani,
nami nikahesabu naye:
saba, nane,
tisa.